George Farquhar: Kijana wa Derry Aliyewachekesha Watu Huku Mfukoni Hana Kitu



Kwa wale wasiopafahamu, Minto ni kitongoji kilichoko kusini-magharibi mwa Sydney, kilomita kama 50 kutoka katikati ya jiji, kwenye reli ya kwenda Campbelltown. Ukishapita Ingleburn, kituo kinachofuata ndicho. Jina limetokana na Lord Minto, bwana mkubwa wa Kiskoti aliyekuwa gavana mkuu wa India mwanzoni mwa karne ya 19, ingawa ardhi yenyewe ni ya Wadharawal tangu kale na kale. Mimi nilihamia huku kwa sababu moja tu: kodi ya nyumba. Wenzangu wanaokaa karibu na chuo wananicheka kwamba nimehamia shamba. Sawa, lakini shamba langu nalilipia bila kukopa.

Sasa, mwaka jana mzee mmoja jirani yangu alisikia kwamba nasomea uinjinia. Akaja kuniomba nikawaangalizie mlango. Kumbe yeye yumo katika kikundi cha maigizo cha mtaa, watu wa kujitolea tu, hakuna anayelipwa. Mmoja muuguzi, mmoja fundi bomba, mmoja mwalimu mstaafu, dada mmoja anauza dukani. Walikuwa wakifanya mazoezi ya tamthilia ya zamani sana ya Kiingereza iitwayo The Beaux' Stratagem, na mlango wa mbao waliouunda jukwaani ulikuwa kila ukifungwa ukuta mzima unatikisika kama kibanda cha mahindi wakati wa upepo. Nikaenda Jumamosi moja nikapiga mbao mbili za mshazari, kazi ya nusu saa. Nikabaki wiki sita.

Nilibaki kwa nini? Nitasema ukweli kwa kuwa gazeti hili ni letu. Kipindi kile mambo yangu hayakuwa mazuri. Udhamini wangu ulikuwa unaelekea ukingoni, majaribio ya maabara hayatoi majibu, na nyumbani walikuwa wamenitumia ujumbe kuhusu mabati. Mimi nikajibu kwamba kila kitu kiko shwari, mabati yatakuja. Pale ukumbini, jioni ya kwanza, nikamwona kijana jukwaani anajifanya lord tajiri wakati hana hata nauli. Nikacheka, halafu nikanyamaza. Halafu mama anayeongoza mchezo akatuambia kwamba mtu aliyeandika haya aliyaandika akiwa kitandani mgonjwa, akafa akiwa na miaka kama thelathini. Mwezi ule ule mimi nilikuwa natimiza thelathini.

Basi nikaenda maktaba. Yafuatayo ndiyo niliyoyakuta, na mwishoni nitawaambia kwa nini mtu huyu anatuhusu sisi, hasa tulioko Sydney.

MTOTO WA KASISI

George Farquhar alizaliwa mwaka 1677 hivi katika mji wa Derry, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa kasisi, yaani familia yenye heshima lakini haina hela. Nadhani wengi wetu tunaijua aina hiyo ya familia: vitabu vipo nyumbani, ada ya shule haipo.

Alikulia katika vita. Mwaka 1689, akiwa mtoto wa miaka kumi na kitu, Derry ilizingirwa na majeshi ya mfalme James II kwa zaidi ya siku 100, na watu wakafa kwa njaa na maradhi ndani ya kuta. Mwaka uliofuata yakapiganwa mapigano makubwa ya mto Boyne. Mtoto aliyeona hayo ungetegemea akiwa mkubwa aandike mambo ya huzuni tupu. Yeye aliandika vichekesho maisha yake yote.

Mwaka 1694 aliingia Trinity College, Dublin. Hakuingia kama mtoto wa tajiri. Aliingia katika daraja la wanafunzi maskini ambao walipunguziwa gharama na wao wakalipa kwa kuwatumikia wengine. Yaani unasoma na kijana mmoja darasani asubuhi, mchana unambebea sahani. Wale wetu wanaosoma mchana na kuosha vyombo hotelini usiku mtaelewa. Tofauti ni kwamba sisi tunaowaoshea vyombo hatukai nao darasa moja, mara nyingi.

Chuo hakikumkaa. Inasimuliwa kwamba alipata msaada mdogo wa masomo, akanyang'anywa kwa muda kwa sababu ya fujo kwenye gulio la Donnybrook. Hatimaye akaondoka bila shahada. Hapo ndipo wazee wa nyumbani wangesema mtoto kapotea.

UPANGA WA KWELI

Akaenda kuwa mwigizaji katika jumba la Smock Alley, hapo hapo Dublin. Alikuwa mtanashati na mwenye akili, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba na jukwaani alikuwa na woga. Huko alipata rafiki aliyekuja kumfaa mpaka siku ya kufa, mwigizaji Robert Wilks. Jina hili likumbukeni.

Siku moja walikuwa wanacheza tamthilia ya John Dryden yenye mapigano. Farquhar alisahau kubadilisha upanga. Badala ya ule butu wa maigizo akaingia na upanga wa kweli, na katika kupigana akamchoma mwenzake vibaya. Mwenzake alipona, lakini Farquhar alishtuka sana kiasi kwamba aliacha uigizaji moja kwa moja. Hebu fikiria: umri miaka ishirini hivi, chuo umeacha, kazi umeacha, na umekaribia kuua mtu mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Wilks ndiye aliyemwambia kwamba kipaji chake si kuigiza bali kuandika, na aende London. Akaenda. Na hapo, ndugu zangu, naye akawa mtu wa kuja, kama sisi. Waingereza wa wakati ule walikuwa wakiwacheka Waireland kwa matamshi yao, na jukwaani Muireland alikuwa mtu wa kuchekwa tu. Mwishoni mwa mwaka 1698 tamthilia yake ya kwanza, Love and a Bottle, ilichezwa katika jumba la Drury Lane. Mhusika wake mkuu ni nani? Kijana wa Kiireland aliyefika London akiwa hana pesa. Aliandika alichokijua.

SHANGWE YA MWAKA 1699

Wakati ule maigizo London yalikuwa matatani. Mwaka huo huo wa 1698 kasisi mmoja, Jeremy Collier, alichapisha kitabu kikali cha kuwalaumu waandishi wa tamthilia kwa uchafu na kukosa maadili. Kwa miaka kama thelathini kabla ya hapo, vichekesho vya London vilihusu mabwana na mabibi wa mjini wenye ulimi mkali, wanaodanganyana katika mapenzi na kucheka kila mtu wa shamba. Ni michezo ya kucheka tabia za wakubwa: namna wanavyosalimiana, wanavyovaa, wanavyooana kwa ajili ya mali. Ina akili nyingi, lakini aghalabu haina huruma.

Farquhar aliingia katika mchezo huo akaanza kuubadilisha. Mwaka 1699 alitoa The Constant Couple, na Wilks, ambaye naye alikuwa amehamia London, akacheza Sir Harry Wildair, kijana tajiri, mchangamfu, asiye na kinyongo na mtu. London ikapagawa. Mwenyewe Farquhar alidai kwamba ilichezwa zaidi ya mara 50 katika msimu wake wa kwanza, idadi kubwa mno kwa nyakati hizo. Akiwa na miaka ishirini na mbili hivi, yule aliyefukuzwa na aibu Dublin akawa jina la mjini.

Kipindi hicho hicho ndipo alipomgundua Anne Oldfield. Inasimuliwa kwamba alikuwa katika baa moja London, akasikia msichana anasoma tamthilia kwa sauti chumba cha nyuma. Akasimama akasikiliza, kisha akawaambia wenye majumba ya maigizo kwamba huyu mnahitaji kumwona. Oldfield alikuja kuwa mwigizaji mkubwa kuliko wanawake wote wa enzi yake, na alipofariki mwaka 1730 alizikwa Westminster Abbey, walikozikwa wafalme. Farquhar mwenyewe hakupata kaburi la namna hiyo.

Umaarufu haukuwa fedha. Mwandishi wa wakati ule alipata mapato ya usiku wa tatu wa mchezo wake, na bei ndogo aliyolipwa na mchapishaji, basi. Ukichezwa mara 50, wanaotajirika ni wenye jumba. Tamthilia zake zilizofuata, Sir Harry Wildair ya 1701, kisha The Inconstant na The Twin Rivals za 1702, hazikufika ile ya 1699. Madeni yakaanza.

NDOA YA UONGO

Mwaka 1703 alioa. Bibi harusi alikuwa Margaret Pemell, mjane mwenye watoto. Kwa desturi ya Kiingereza ya wakati huo mahari inatoka upande wa mwanamke, kinyume na kwetu, kwa hiyo kijana asiye na kitu tegemeo lake ni kuoa mwenye mali. Inasimuliwa kwamba Margaret alimpenda sana Farquhar, na akijua hatamchukua hivi hivi, akaeneza habari kwamba ana urithi mkubwa. Kijana akaingia mzima mzima. Baada ya harusi ikajulikana kwamba hakuna urithi. Masikini kaoa masikini, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mkombozi.

Hapa ndipo nilipoanza kumpenda huyu bwana. Wote waliosimulia maisha yake wanakubaliana juu ya jambo moja, kwamba hakumlaumu mkewe hata siku moja. Alimtunza yeye na watoto, wakazaa mabinti wawili. Katika michezo yake kila mtu anamdanganya mwenzake kwa ajili ya mali, na watu wanacheka. Nyumbani kwake uongo ule ule ulimpata yeye, naye akausamehe. Ni watu wangapi miongoni mwetu wangeweza?

LUTENI WA KUANDIKISHA ASKARI

Ili kulisha familia alijiunga na jeshi mwaka 1704, akapata cheo cha luteni. Uingereza ilikuwa katika vita kubwa ya Ulaya ya kugombea kiti cha ufalme wa Hispania. Agosti 1704 ndipo lilipopiganwa lile pigano maarufu la Blenheim. Vita inakula watu, na watu lazima watoke mahali. Farquhar akatumwa mikoani, Shrewsbury na Lichfield, kuandikisha vijana wa vijijini.

Sheria ya wakati huo iliwaruhusu mahakimu kumkamata mwanamume asiye na kazi inayoeleweka wakamtia jeshini. Waliobaki walipatikana kwa ngoma, pombe, sare nyekundu na ahadi za uongo. Tusiseme hayo ni ya Wazungu peke yao. Bibi zetu na babu zetu waliyaona. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walichukua watu wa Afrika Mashariki kwa maelfu kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, wengi kwa nguvu, na wengi hawakurudi. Kikosi hicho, Carrier Corps, ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo pale Dar es Salaam na Kariokor pale Nairobi. Kila tukienda sokoni tunalitaja jeshi la watu waliochukuliwa.

Farquhar aliyaona hayo kwa upande wa anayechukua. Akayaandika. The Recruiting Officer, yaani ofisa mwandikishaji, ilichezwa mara ya kwanza Drury Lane tarehe 8 Aprili 1706. Hadithi yake ni hii: Kapteni Plume anafika Shrewsbury kutafuta askari na wachumba. Sajini wake, Kite, anajigeuza mpiga ramli, anawatabiria vijana wa kijiji kwamba nyota zao zinaonyesha vyeo vikubwa jeshini, nao wanaandikishwa. Silvia, binti wa hakimu, anampenda Plume lakini baba hataki. Binti anavaa nguo za kiume, anajifanya kijana mhuni, anajiandikisha jeshini, na mwisho anafikishwa mbele ya baba yake mwenyewe mahakamani, naye hakimu anamkabidhi binti yake kwa Plume bila kujua. Oldfield alicheza Silvia, Wilks akacheza Plume.

Watu walicheka mno, na bado wanacheka. Lakini mchezo unaonyesha bayana jinsi mtu maskini anavyouzwa kwa maneno matamu, na jinsi sheria inavyosaidia muuzaji. Tena hakuupeleka London. Aliuweka mikoani, kwa watu wa kawaida, akawapa akili na heshima. Hilo lilikuwa jambo jipya katika vichekesho vya Kiingereza. Kwa kazi hiyo mchapishaji alimlipa paundi 16 na ushee.

KITANDA CHA MWISHO

Cheo hakikumtoa kwenye madeni. Inasimuliwa kwamba mkubwa mmoja alimshauri auze cheo chake cha luteni alipe wadai, akimwahidi cha juu zaidi, na ahadi haikutimizwa. Ikiwa ndivyo, basi mwandikishaji naye aliandikishwa kwa maneno matamu.

Mwishoni mwa mwaka 1706 Wilks alianza kujiuliza mbona rafiki yake haonekani kwenye jumba la maigizo. Akamtafuta, akamkuta amejificha katika chumba cha uchochoroni, mgonjwa, hana kitu. Inasemekana Wilks alimpa gini 20 akamwambia aandike mchezo. Farquhar aliuandika kwa wiki sita, sehemu kubwa akiwa kitandani.

Ndio huo The Beaux' Stratagem. Vijana wawili wa London, Aimwell na Archer, wamemaliza hela zote. Wanakwenda Lichfield, mmoja anajifanya lord, mwingine anajifanya mtumishi wake, mpango wao mmoja aoe binti tajiri wagawane mahari. Wanafikia nyumba ya wageni ya Boniface, ambaye ni rafiki wa majambazi. Jirani yuko mama tajiri mwenye huruma, Lady Bountiful, anayewatibu wanakijiji, na binti yake Dorinda. Yuko pia Bibi Sullen, aliyeolewa na mlevi asiyezungumza naye. Aimwell anakaribia kufanikiwa. Padri yuko tayari, binti yuko tayari. Na hapo ndipo anaposhindwa kuendelea. Anamwambia binti ukweli: mimi si lord, sina kitu. Binti anamkubali hivyo hivyo. Ndipo habari zinafika kwamba kaka yake, lord wa kweli, amefariki, na urithi sasa ni wake.

Na Bibi Sullen? Katika Uingereza ya 1707 mke wa kawaida hakuwa na njia ya kupata talaka. Farquhar alimaliza mchezo wake kwa wanandoa hao wawili kukubaliana, mbele ya watu, kwamba waachane. Kilikuwa kichekesho, lakini kilisema kitu ambacho sheria ilikataa kukisikia kwa muda mrefu baadaye.

Mchapishaji alilipa paundi 30. Mchezo ulifunguliwa Haymarket, tarehe 8 Machi 1707, Wilks akiwa Archer na Oldfield akiwa Bibi Sullen. Jumba lilijaa vicheko. Wiki saba baadaye, mwishoni mwa Aprili, George Farquhar alifariki. Alizikwa tarehe 3 Mei katika kanisa la St Martin-in-the-Fields. Alikuwa na miaka ishirini na tisa au thelathini. Alimwachia Wilks barua fupi ya kumwomba awaangalie mabinti zake wawili wasio na mlinzi, na Wilks aliwasaidia kwa kuandaa maonyesho ya kuwachangia fedha.

KIBANDA CHA UDONGO, SYDNEY, 1789

Sasa tunafika kwetu. Tamthilia za Farquhar zilipanda meli. Mwaka 1736 jumba jipya la Dock Street huko Charleston, Marekani, lilifunguliwa kwa The Recruiting Officer. Lakini safari ndefu kuliko zote ni ile ya kuja huku.

Januari 1788 merikebu 11 kutoka Uingereza zilitia nanga Sydney zikiwa na wafungwa zaidi ya 700, wengi wao kwa makosa ya wizi, pamoja na askari wa kuwalinda. Mwaka uliofuata hali ilikuwa mbaya. Chakula kilikuwa kinapungua. Mwezi Machi 1789 askari sita walinyongwa kwa kuiba kwenye bohari ya chakula. Mwezi Aprili ndui ilikuwa inawamaliza wenyeji wa asili pande zote za bandari, miili ikikutwa ufukweni. Mwezi Mei mfungwa mmoja mweusi, John Caesar, ambaye wengine wanasema alizaliwa Madagaska, alitoroka porini na bunduki kwa sababu ya njaa.

Katika hali hiyo, tarehe 4 Juni 1789, sikukuu ya kuzaliwa kwa mfalme George III, wafungwa 11 walicheza tamthilia ndani ya kibanda kimoja cha udongo. Kuta walizipamba kwa karatasi za rangi na mishumaa. Watazamaji walikuwa kama 60, akiwemo gavana Arthur Phillip na maofisa wake. Tamthilia yenyewe ilikuwa The Recruiting Officer. Ndiyo ya kwanza ya Kizungu kujulikana kuchezwa katika nchi hii. Maofisa waliokuwepo waliandika kwamba waigizaji walijitahidi vizuri na watu walicheka. Majina ya waigizaji hawakuyaandika.

Nimeifikiria sana jioni ile. Watu waliochukuliwa kwa nguvu wanacheza mchezo kuhusu watu wanaochukuliwa kwa hila, mbele ya askari ambao baadhi yao nao waliandikishwa kwa ngoma na pombe. Huko nje, kwenye ardhi iliyochukuliwa bila hata kuombwa, wenyewe wanakufa. Na ndani wanacheka. Sidhani kwamba kucheka kule kulikuwa kusahau. Kwa masaa mawili mfungwa aliyevaa koti la kapteni alisikilizwa na gavana. Mwandishi wa Australia Thomas Keneally aliandika riwaya juu ya tukio hilo mwaka 1987, na mwaka uliofuata Timberlake Wertenbaker akaigeuza tamthilia iliyochezwa London na sehemu nyingi duniani. Lakini kabla yao wote kulikuwa na yule kijana wa Derry, aliyekuwa kaburini miaka 82, hata ramani ya bandari hii hakuwahi kuiona.

TULICHOBAKI NACHO

Usiku wa kwanza wa maonyesho hapa Minto, mlango wangu ulifungwa mara ishirini na kitu na ukuta haukutikisika. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nyundo mkononi kama askari wa zamu. Ilipofika sehemu ya Aimwell kukiri, ukumbi ulinyamaza kabisa. Mtazamaji anajua kijana akinyamaza tu sekunde chache zaidi atapata kila kitu. Anasema. Jamaa aliyeiandika sehemu ile alikuwa amedanganywa katika ndoa, amedanganywa kazini, anadaiwa, na anakufa, na bado aliamini kwamba mtu akisema ukweli anaweza kupokelewa. Lile la urithi kuja baadaye ni la tamthilia. Yeye mwenyewe halikumjia.

Siku iliyofuata nilimpigia mama simu. Nikamwambia kwamba mabati hayapo, udhamini unaisha Juni, na kwamba nafanya kazi za usiku. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama nakula vizuri. Mabati tukaahirisha, na mbingu hazikuanguka. Shahada bado naipigania.

Sisi tulioko ng'ambo wengi tunacheza mchezo wa Aimwell. Picha tunazotuma nyumbani ni za mbele ya gari la mtu. Tukikutana kwenye sherehe kila mmoja mambo yake safi. Kisha mwenzetu anapotea miezi mitatu na hakuna anayemtafuta, kwa kuwa tulishaambiwa mambo yake safi. Farquhar alimpata Wilks mmoja aliyejiuliza mbona fulani haonekani, akaenda kugonga mlango. Bila mlango huo kugongwa, tamthilia iliyochezwa mpaka Minto isingeandikwa. Naomba kila mmoja wetu, akishamaliza kusoma ukurasa huu, amkumbuke mwenzake mmoja ambaye hajamwona muda, amtafute.

Na la mwisho ni ombi kwa kamati. Kila mwaka usiku wetu wa utamaduni ni pilau, ngoma na maonyesho ya mavazi. Si vibaya. Lakini Mwalimu Nyerere, na kazi zote za kuongoza nchi, alipata muda wa kuitafsiri The Merchant of Venice ya Shakespeare ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, nayo pia ni hadithi ya kijana aliyekopa ili akapose binti tajiri. Lugha tunayo, waigizaji tunao, tena wa kuzaliwa. Kama wafungwa 11 wenye njaa waliweza kwa karatasi za rangi na mishumaa, sisi tunashindwa nini? Mlango nitaujenga mimi.